Kona ya Baraka

Baba Winfred,

Ugali na sukuma viko kwenye sufuria, vipashe moto. Simu ya nyumbani nimeiweka dirishani. Usiitoe hapo, hata yule Mchina wa kazini kwenu akisema bahati hutorokea dirishani.

Jana ulipogeuza kitanda na meza kwa hiyo fengshui yake ya kupanga nyumba, simu uliihamishia kwenye kona ya baraka. Kule network mafi, haipatikani kabisa. Nilijua unamtafutia dadako Carol bahati, kafili wake, yule tajiri aliyemleta huku ugenini, amwachilie, ndiyo maana sikukuzuia.

Asubuhi hii nimeisogeza dirishani, jumbe zikamiminika. Carol alitoroka kwa madam wake jana jioni. Alikuwa akitupigia kwa simu ya dereva mmoja karibu na Bandari ya Jeddah, hadi alfajiri. Nimepiga namba hiyo, imezimwa. Nimekupigia wewe, lakini nyinyi walinzi mnanyang'anywa simu getini.

Jirani yetu Solomon anapeleka mzigo Jeddah kwa lori na mkewe Keziah amekubali kutusindikiza, kwa hivyo nimeenda nao. ~~Usinifuate.~~ Bosi akikupa ruhusa, njoo.

~~Sina hasira na wewe.~~ Nina hasira, Dalmas, lakini leo sina nafasi nayo.

Carol ameacha ujumbe wa sauti. ~~Usiusikilize.~~ Usikilize ukiwa umeketi. Analia, anasema, "Kaka, hata wewe hushiki simu?"

Namba ile ikipiga, usianze na pole. Muulize yuko wapi.

Mama Winfred