Panya wa Poti ya Tano

Alhamisi, Mugutha. Baridi. Jua limekataa kutoka tangu Jumatatu, na nguo nilizofua juzi bado ziko kwa kamba zinanuka maji.

Leo nimesema uongo. Mimi, kiongozi wa akina mama kanisani, nimemdanganya mtoto wangu wa kuzaa, na hata chai ya saa nne nilikuwa sijanywa. Naandika hapa kwa blogu kwa sababu ni yeye alinifungulia, na akaapa hatasoma.

Acha nianze na yeye, maana nikimtaja moyo unapoa. Wambui wangu ni mtu wa mitandao. Si ile ya kuweka picha za chakula. Yeye ndiye anafanya intaneti ya ofisi kubwa itembee, na ikikwama, wanaume wenye tai wanasimama nyuma yake wakingoja. Mimi niliishia darasa la nane. Nilimlea peke yangu nikiuza mitumba sokoni Thika, nikampa jina la mama yangu, ndiyo maana mpaka leo namwita maitu, yaani mama kwa Kikuyu. Wale akina mama wa Kamakis wenye watoto wahasibu wamenisikia vya kutosha, na Jumapili watanisikia tena.

Kabla aende kazi Kisumu aliweka intaneti kwa ploti yetu yote, kwangu na kwa wapangaji. Kuna kisanduku kiko stoo, juu ya gunia la makaa, anakiita swichi. Kina matundu manane. Kila tundu ni poti, na kila poti inapeleka waya kwa nyumba. Ya tano na ya sita ni zangu, zinatokea kwa ukuta wa sebule, matundu mawili yamekaa pamoja kama ndugu. Moja linatumika, lingine ni la akiba.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa napanguza vumbi. Waya wa ile boksi ya waifai ukachomoka, mwisho mmoja uko ukutani, mwingine unaning'inia. Sipendi kitu kining'inie nyumbani kwangu. Nikauchomeka kwa lile tundu la akiba. Ukaingia vizuri, nikaendelea na vumbi.

Intaneti ikapotea. Wapangaji wako sawa, ni mimi tu.

Nikampigia. Akaingia kwa swichi akiwa huko huko Kisumu, akaniambia poti zangu mbili zimejizima zenyewe. Ati nimeunganisha ukuta na ukuta, kwa hivyo habari inatoka kwa swichi, inarudi kwa swichi, inazunguka tu haina mwenyewe. Swichi ikiona hivyo inafunga zile poti kabla nyumba zingine zisumbuke. Nilielewa haraka kuliko alivyofikiria. Nimekaa kwa chama cha akina mama miaka mingi. Najua maneno yanavyozunguka mpaka yanamrudia aliyeyatoa, na najua mwenyekiti mzuri hufunga mkutano.

Alicheka mpaka akakohoa. Akanifundisha: toa sababu kwanza, ndiyo ufungue poti. Ukifungua sababu ikiwa bado iko, itajifunga tena.

Tulikaa kwa simu karibu saa nzima. Akauliza goti langu. Akauliza kama yule kuku wa madoa ameanza kutaga.

Tangu siku hiyo ni ujumbe tu. "Mum, uko sawa?" Niko sawa. Halafu ananitumia kile kidole gumba.

Leo asubuhi nilikaa mbele ya ule ukuta, waya mkononi.

Nilijua ninachofanya.

Nikachomeka, nikaenda stoo kuhakikisha. Taa za wapangaji zinapepesa kijani. Ya tano na ya sita zimegeuka rangi ya chungwa, zimenyamaza. Kazi safi, hata fundi hangenishinda. Nikapiga simu.

"Mum, tano na sita tena?"

"Ni panya. Nimewasikia nyuma ya kabati."

Nikasikia vidole vyake vikigonga kompyuta.

"Panya amechomoa waya kwa boksi, akaurudisha kwa ukuta?"

"Panya wa siku hizi, maitu."

"Na huyo amesomea wapi? Mwambie alete vyeti, huku tunaajiri."

Tukacheka wote wawili, lakini kicheko changu kiliisha mapema. Hakunikemea. Akaniambia nitoe waya niurudishe kwa boksi, nikatoa, akafungua poti. Nilisimama stoo simu ikiwa sikioni nikaona kijani kimerudi. Akasema ana mkutano. Goti hakuliuliza.

Kabla akate akasema polepole, "Mum, mwambie huyo panya akitaka kuongea na mimi anipigie tu. Si lazima azime nyumba."

Nikasema nitamwambia.

Sasa waifai ina nguvu zote na nyumba imenyamaza. Nimekaa nikijiuliza mbona ni vigumu hivyo. Kwetu simu haipigwi bure. Ikilia bila shida, mtu huuliza nani amekufa. Mara ya mwisho nilimpigia hivi hivi tu, kabla hata niseme habari, alishtuka: "Mum, kuna nini?" Nikaona aibu. Nikasema nimebonyeza kwa makosa.

Wambui alinifundisha nitoe sababu kwanza. Nimetoa waya. Sababu yenyewe sijaitoa, nimeikalia hapa kwa kiti pamoja na leso yangu.

Kesho saa saba, akiwa anakula chakula cha mchana, panya atapiga simu. Waya utakuwa mahali pake, taa zote kijani, hakuna kitu kimeharibika. Akiuliza kuna nini, nitaanza na yule kuku wa madoa. Alianza kutaga juzi, na bado sijamwambia mtu.