Meza Iliyoushinda Mlango

Kwako mdogo wangu, Fundi Misumari,

Salamu hizi nakuletea kwa mkono wangu mwenyewe, sikumwomba mtu aniandikie. Ukiona herufi zinapanda kilima, ujue huo ni mkono wa randa, si wa kalamu. Habari za huko? Shemeji hajambo? Na mguu wako unaendeleaje? Mimi huku ni mzima kama gogo. Meno yangu bado yanatafuna, na juzi nimetengeneza mlango wa zahanati peke yangu. Ukiufunga husikii kitu, ni kama umefumba jicho. Daktari mwenyewe aliufungua na kuufunga mpaka wagonjwa wakalalamika.

Kuhusu huo mguu, dereva wa lori la mbao ameniambia alikukuta juu ya paa ukipigilia mabati na kupiga mluzi. Nimefurahi, namshukuru Mungu. Sasa nakuuliza kwa upole, mdogo wangu: kama mguu unapanda paa, mbona mwanangu hajarudi? Alikuja kukuuguza, na umepona. Nimeandika mwanangu, usome vizuri. Najua mtoto wa kaka ni mtoto wako pia, hilo sikatai. Lakini kuna baba na kuna baba mdogo, na hilo neno mdogo halikuwekwa pale kwa bahati mbaya. Mimi pia magoti yananiuma, ila si mtu wa kujitangaza.

Kazi yake unaijua. Anachora ramani za nyumba za watu kwenye kompyuta, na kampuni yake haina haja ya kumwona, inataka ramani tu. Aliporudi nyumbani baada ya kumzika mama yake, alikuja na skrini tatu, akazipanga kitandani kama mtu anayeanika mihogo. Nikasema binti wa fundi hafanyi kazi kitandani. Nikashusha darini zile mbao ngumu ulizokuwa ukiniomba kila mwaka nikakunyima, nikamjengea meza humo humo chumbani mwake. Haina msumari hata mmoja. Ulimi wa ubao umeingia tunduni, kigingi kimekaa mahali pake, basi. Tembo angeweza kuichezea ngoma.

Kasoro yake moja unaijua, maana uliicheka mpaka ukatafuta pa kukaa: meza ilikuwa pana kuliko mlango. Ulisema kaka siku hizi anapima kwa macho, na macho yenyewe yamechoka. Jirani yangu mshonaji naye akadakia kwamba nimefanya kama mtu aliyeshona shati akasahau tundu la kichwa. Tangu siku hiyo kila ninapokwenda kupimia watu vitanda, wananiuliza kama mlango nao nimeuangalia. Nilinyamaza. Wewe unanijua, lini umeniona nikinyamaza? Liweke hapo hilo, nitalirudia.

Siku za meza zilikuwa siku njema, nakwambia. Nilikuwa naweka kigoda changu pembeni, nanoa patasi zangu huku naona nyumba inaota kwenye skrini, kwanza msingi, halafu kuta, halafu paa. Nilikuwa nasema maneno yangu. Hapa jikoni moshi utatokea wapi? Hapa mgeni atapita mbele ya choo? Mara nyingine alikubali, mara nyingine alikubali ili ninyamaze, lakini tulikuwa tunatazama kitu kimoja.

Ndipo ikaja miwani.

Kuitazama ni miwani myeusi ya kawaida, kama ya mchomeleaji vyuma anayekwenda harusini. Ina waya mwembamba unaoingia kwenye kompyuta ndogo. Alisema zile skrini tatu zote sasa zimo humo ndani. Nikamwambia asinichezee, mimi ni baba yake. Akanivisha. Ndugu yangu, ukweli usemwe: nilizikuta skrini zimening'inia hewani, pana kuliko meza yangu, na ukuta nauona nyuma yake. Nikanyoosha mkono nishike ukingo, nikashika hewa, mtoto akacheka sana. Nilichungulia pembe zote kutafuta palipopinda. Sikupaona. Hilo liliniuma kuliko yote, kwa hiyo nikamwambia inabana pua.

Kumbe inabana kweli, hata yeye alikiri, lakini hakuiacha. Zile skrini akaipa shule. Mara yuko jikoni, mara yuko uani, mara amelala chali anachora ghorofa kwenye dari, kibodi tumboni. Mke wa mshonaji alimkuta ukumbini anageuza shingo huku na huku mbele ya ukuta mtupu, akaja kuniuliza kwa sauti ya chini kama mtoto ana tatizo. Meza ikabaki ya kuwekea nguo zilizofuliwa na kofia yangu.

Na mimi nikabaki na kigoda. Naketi karibu naye, sioni kitu. Anatabasamu, sijui anatabasamia nini. Nilikuwa namuuliza leo nyumba ya nani, ananijibu vizuri, hana kiburi mtoto huyu, lakini macho yake yalikuwa yananipita kama dirisha. Nilikuwa naionea wivu miwani, mtu mzima na mvi zangu. Nilikuwa naiona mezani imekunjwa miguu, naitazama kama mwanamume anavyomtazama mposaji asiyemtaka.

Mguu wako ulipovunjika ndipo nikajua ubaya wake wote. Alitia miwani kwenye kikasha, kikasha kwenye begi, akasema anakwenda kumuuguza baba mdogo na kazi anakwenda nayo. Kazi yote, ndani ya begi! Sasa kila akipiga simu ni baba mdogo hivi, baba mdogo vile, kwa baba mdogo kuna upepo. Nilivumilia. Lakini juzi akaniambia, tena kwa furaha, kwamba umemtengenezea kibao cha kuweka kibodi magotini. Wewe! Niliyekufundisha kushika randa ukiwa bado unajikata vidole! Usingizi uliniruka. Nikamuuliza kibao kimeungwaje. Akaniuliza habari za magoti yangu. Nikamuuliza kama kina misumari. Akasema miwili tu, na mmoja umemchania sketi, lakini nisikwambie. Nimekwambia.

Sasa lile nililosema nitalirudia. Soma peke yako kwanza, shemeji atasikia baadaye.

Mimi sijawahi kukosea kipimo. Meza ile sikuipima kwa macho. Niliupima mlango kwanza, nikaupima tena, halafu ndipo nikaikata meza, nikaizidisha makusudi. Nyumba ilikuwa imepoa baada ya shemeji yako kufa, na mtoto alikuwa anasema-sema habari za kupanga chumba mjini. Nikafikiri, kazi yake itakaa juu ya meza hii, na meza haitoki. Ndiyo maana mlipocheka nilinyamaza. Fundi kama mimi nilikubali mshona nguo aniite kipofu wa futi, mbele za watu, kwa sababu kila mliponicheka, yeye alikuwa chumbani anafanya kazi.

Wewe ungeweza kunigundua, kama ungekuwa fundi wa viungo vya mbao. Meza isiyo na msumari hufunguka. Ukigonga vigingi kwa nyuma inaachia vipande vipande, inapita hata dirishani. Mtoto hakulijua hilo, na mimi sikumwambia.

Jumamosi niliivunja. Nilifunga mlango, nikagonga vigingi, vikatoka bila kelele, maana niliviweka vizuri. Ubao wa juu nimeukata. Huyo dereva anayekupa barua hii atakupa pia kifurushi kilichofungwa kwa shuka la mtoto mwenyewe. Ndani mna kimeza cha magotini, kimerandwa mpaka hakishiki uzi, miguu yake inakunjwa kama ya ile miwani. Nimekichongea na kitanda kidogo cha kuilaza miwani, isikwaruzike. Ndiyo, nimesema isikwaruzike. Umpe mwenyewe mkononi. Chako kitie jikoni kikawashe moto, usiniudhi.

Kuhusu kurudi, usimwambie neno. Akitaka kukaa huko na upepo wenu, akae. Akitaka mjini, aende mjini. Mimi nipo, kigoda kipo, na chumba sasa kina nafasi kubwa.

Msalimie shemeji, usalimie na mguu wako, ushuke juu ya paa la watu. Na kama mtoto atauliza kama baba yake amekosea tena vipimo, mwambie begi lake la pili lilikuwa linaning'inia nyuma ya mlango. Safari hii nimelipima begi kwanza, na nikakata kimeza kiingie.

Ni mimi kaka yako,
Fundi Asiyetumia Msumari