Kisanduku cha Hali ya Ndoa

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Miguu imefura. Nyumba za ng'ambo ya mto nimezimaliza zote. Hata Elkanah fundi viatu nimemsajili leo! Mtu aliyekuwa akiniona na fulana yangu ya afya ya jamii anajifungia ndani. Bima ni ya walimu na polisi, alikuwa anasema, sisi wa kushona raba tutakufa vilevile. Leo amenipa kiti na chai. Dada yake alilazwa na presha mwezi uliopita, akatibiwa, akarudi nyumbani, na hakuna ng'ombe aliyeuzwa. Dada yake nilimsajili mimi. Nilirudi nikijivuna, sitaficha.

Nikaketi nikasema sasa zamu ya nyumba yangu, nimsajili Ghati. Hapo ndipo simu ya usajili iliponitusi.

Inauliza hali ya ndoa. Nikabonyeza ameolewa. Inataka kitambulisho cha mume. Mume gani? Ghati nimemwoa mimi! Ng'ombe walitoka boma langu mchana kweupe, wazee wakawaona, nyama ikaliwa. Nilimwoa kwa jina la mwana ambaye sikumzaa. Mimi nilipata wasichana watatu, wote wameolewa, wako kwao, na marehemu Marwa akaniacha na shamba na nyumba isiyo na mrithi. Kwetu Wakuria jambo hilo lina njia yake. Mama anaoa. Mke anazaa, watoto ni wa nyumba. Ghati ni mokamona wangu, mke wa mwanangu, na Robi binti yake ni mjukuu wangu. Nyanya yangu alioa hivyo na hakuna aliyemcheka.

Nikaweka kitambulisho changu mahali pa mume. Ikakataa — jinsia hailingani. Nikajaribu mjane. Inataka namba ya marehemu. Mwanangu hajazaliwa, atakufaje?

Kimebaki kisanduku kimoja. Hajaolewa.

Nimezima simu kabla sijaitupa chooni.

Jumatano, 3 Septemba

Nimempeleka Ghati kliniki ya wajawazito. Picha imeonyesha kondo la nyuma limelala chini kabisa, limeziba njia. Hatazaa kawaida. Nesi amesema apasuliwe kabla uchungu haujaanza, na daktari wa hiyo kazi yuko upande wa Homa Bay, hospitali iliyo mbele ya Asumbi. Akauliza bima iko? Nikasema iko njiani. Mimi! Mtu wa kusajili kata nzima!

Tukiwa barabarani Ghati akasema polepole, kama mtu anayeomba chumvi, Mama, andika tu hajaolewa, nikajifungue nirudi.

Nimemfokea. Mbele ya watu wa boda. Nimemwambia hajui anachosema.

Lakini anajua. Ndiyo maana nina hasira. Bila bima watampasua, ndiyo, hawawezi kumwacha afe mlangoni. Halafu bili itakuja, na cha kuuza ni shamba. Na nikiandika hajaolewa, shamba linakwenda pia, kwa sababu ya Nchagwa.

Huyo ni mdogo wa marehemu. Mwaka mzima hatuongei. Amenipeleka kwa chifu anasema nyumba ya kaka yake imekufa, mimi nimeokota msichana nikamweka jikoni, hakuna ndoa hapo, shamba lirudi kwa wanaume. Kesi ni Alhamisi tarehe kumi na nane. Anatafuta karatasi yoyote ya serikali inayosema Ghati si mke wa mtu. Sasa niende nimwandikie mwenyewe, kwa kidole changu, kwa simu niliyopewa na serikali? Na Robi awekwe hapo chini, mtoto wa mama asiyeolewa, baba nafasi tupu?

Hapana. Hapana kabisa.

Jumatatu, 8 Septemba

Migori. Nimekwenda kwa Ken, mkubwa wetu wa usajili. Kijana mpole, shati limepigwa pasi, anatuita akina mama shujaa kila mkutano.

Nikamweleza. Akacheka! Si kwa ubaya, hilo ndilo linaniuma. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema kumbe wewe ni bwana. Akamwita mwenzake wa meza ya pili aje asikie. Nikasimama hapo kama kitu cha maonyesho, mwanamke mzima, nywele nyeupe.

Nilipoona hawanyamazi nikamwambia, huko tarafa yetu nyumba kama yangu ninazijua kwa majina. Nimewaambia wote wasidanganye simu inapopima mali yao. Wakiulizwa choo, waseme choo walicho nacho. Wakiulizwa mbuzi, waseme mbuzi. Mimi niseme nini?

Hapo akaacha kucheka. Akasema ni kisanduku tu, Mama Boke. Andika hajaolewa, alipe mchango wake mwenyewe kama mtu wa peke yake, atatibiwa kesho yake. Hakuna anayesoma hivyo visanduku.

Ni kisanduku tu! Kama ni kisanduku tu, si kiondolewe? Kwa nini basi sistimu haiendi mbele mpaka ukijaze?

Ameahidi kupeleka swali Nairobi. Nimerudi na swali langu hapa hapa.

Kitu kinachonichoma zaidi — bima yenyewe ni nzuri. Ningekuwa nachukia kitu kibaya ningelala vizuri. Zamani mtu wa kuuza ndizi alikuwa hana kadi ya kitu chochote, akiugua ni harambee, na harambee ikichelewa ni matanga. Leo muuza ndizi anatibiwa. Nimeona kwa macho yangu. Mlango umefunguliwa kweli, wote wanapita, na mimi ndiye niliyesimama hapo nikiwaita waingie. Nikija na wangu, naulizwa huyu ni nani wako.

Alhamisi, 11 Septemba

Ghati haongei na mimi. Anaamka, anabeba birika zake, anakwenda kuwauzia chai madereva wa malori pale Isebania, anarudi, anapika, analala. Tumbo liko mbele yake, miguu imevimba. Nimemwambia akae nyumbani. Ameniambia ndiyo Mama. Asubuhi ameondoka.

Amekuwa na adabu hadi inatisha. Afadhali angenitukana.

Nimemwambia angoje kesi ipite, halafu nitaandika lolote. Kutoka Alhamisi ijayo mpaka tarehe yake ya kupasuliwa kuna siku za kutosha. Nimepanga vizuri. Mbona ananiangalia kama mimi ndiye adui?

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani pasta amenisimamisha. Mama Boke ametusajilia watu wote, tumpigie makofi. Wakapiga. Elkanah akapiga na miguu chini. Ghati alikuwa kando yangu amempakata Robi. Hakupiga.

Nchagwa naye alikuwepo, safu ya wanaume. Alipiga makofi huyo mnafiki, polepole, akitabasamu.

Sikula mchana.

Jumanne, 16 Septemba

Naandika kwenye benchi la hospitali, huku Homa Bay. Kalamu ni ya kuazima. Nikikaa bure nitapiga kelele.

Asubuhi nilikuwa nakamua. Robi akaja mbio, akasema mama amemwaga. Nikadhani chai. Nikamkuta Ghati ameshika mlango wa jikoni, damu mpaka kwenye ndara. Hana maumivu hata kidogo, na hiyo ndiyo mbaya, tulifundishwa.

Nikapiga simu ya ambulensi. Imeenda na mgonjwa mwingine, tungoje. Kungoja nini? Gari katika kijiji chetu ni moja tu, Probox ya Nchagwa.

Nimekwenda kwake na gumboti za ng'ombe. Nilikuwa nimeapa sitakanyaga ua wake. Nikasema Ghati anatoka damu. Aliacha uji wake kwenye meza, akachukua funguo. Ameendesha kasi, Migori yote akiwasukuma boda kando kwa honi, na Rongo hakusimama. Amekuja vizuri. Nimeandika na basi, sitamsifu zaidi.

Njia nzima nimemshika Ghati kichwa mapajani nikiwaza kisanduku. Mtu anakufa mikononi mwangu nawaza kisanduku! Nilisema moyoni tukifika nitakiandika mara moja, hajaolewa, na Alhamisi waje na mashamba yao. Kisha tukipita Asumbi nikasema labda. Labda wataanza kumpasua kwanza, tuandike baadaye. Nilikuwa bado nahesabu hivyo wakati nguo yake imelowa. Mungu anisamehe, mimi siwezi leo.

Tulipofika nesi akamlaza kwenye kitanda cha magurudumu, akanituma dirisha la bima, palepale kwenye korido. Nchagwa akanifuata na kitambulisho cha Ghati, kilikuwa kimebaki kwenye kiti. Msichana wa dirishani ameandikwa Scovia kifuani. Sauti kubwa, watu wa ziwani hawana siri. Nikaanza kumweleza kwamba hajasajiliwa, nitamsajili mimi sasa hivi. Akaingiza namba, akasema lakini huyu yuko.

Nikasema hayuko.

"Yuko, Mama. Amejisajili mwenyewe kwa simu wiki iliyopita. Amelipa mwaka mzima. Hali ya ndoa, hajaolewa. Mtoto mmoja."

Wiki iliyopita. Kwa hela za chai. Ndiyo Mama, ndiyo Mama, na birika kichwani!

Nyuma yangu nilisikia funguo za gari zimeacha kulia. Nchagwa alikuwa anazichezea mkononi, akaziacha. Amesikia neno zima, na kila aliyekuwa kwenye korido amelisikia.

Nikamwambia Scovia hiyo si kweli. Ameolewa. Nimemwoa mimi, wazee wapo. Nilisema kwa sauti kama yake. Wanawake wa foleni wakageuka. Scovia hakucheka, hilo nampa. Alinisogelea dirishani akapunguza sauti kwa mara ya kwanza.

"Naweza kubadilisha, Mama. Lakini nikiigusa inarudi kuhakikiwa upya. Leo haitafanya kazi. Nibadilishe?"

Nesi wa kitanda alikuwa anangoja jibu, mguu juu ya breki. Ghati anaangalia dari. Midomo imekuwa nyeupe. Hakuniomba chochote. Alikuwa ameshaniomba barabarani, nikamfokea.

Nikasema iache.

Scovia akauliza kwa sababu ya kazi yake, "Iachwe hivyo, hajaolewa?"

"Hajaolewa," nikasema. "Iache."

Limetoka mdomoni mwangu. Mbele ya ndugu wa marehemu, siku mbili kabla ya kesi. Scovia akabonyeza, mashine ikatoa karatasi, nesi akaondoa breki. Kitanda kilipopita Ghati alinishika vidole viwili, akavibana, akaviachia. Sijui ilikuwa ni samahani au ni nini. Nina hasira naye. Nina hasira naye mpaka natamani atoke humo ndani mzima nimgombeze siku nzima.

Nchagwa alinipa kitambulisho. Akasema chini kwa chini, "Shemeji, umejisemea mwenyewe." Hakuwa na furaha niliyoitegemea. Alionekana amechoka tu, na shati lake limepata damu begani aliponisaidia kumbeba. Nikamwambia aende akaiambie dunia. Akatoka nje. Namwona kupitia kioo, ameegemea gari, simu iko sikioni. Anaongea na nani? Na chifu? Na mkewe, amwambie ampe Robi chakula? Siwezi kujua na siinuki kwenda kusikiliza.

Mama mmoja kwenye benchi ameniuliza kama niliyemleta ni binti yangu. Nikasema hapana. Ni mkwe? Nikasema ndiyo. Na mwanao yuko wapi? Nimeandika haya badala ya kumjibu.

Najua watu watakaosema yote haya ni kiburi cha mwanamke mzee. Waseme. Wao wana kisanduku chao, wanakibonyeza bila kukiangalia.

Ndani kimya. Kisha kitu kama paka — hapana, siandiki nilichosikia mpaka nimekiona.

Nesi amefungua mlango. Ana glavu bado. Ametazama benchi lote, anauliza mtu wa Ghati ni nani, mwenye huyu mama ni nani hapa.

Nchagwa ameingia kutoka nje, amesimama mlangoni. Amelisikia swali.

Ngoja nisimame.