Chumvi ya Désiré

Jumanne

Makaa ya leo ni moshi mtupu, lakini si hayo yanayoninyima usingizi.

Mama Chantal, anayeyashusha kutoka msitu wa Kibira, huniletea salamu za kaka yangu Désiré. Aliacha chuo akahamia huko msituni, bila simu wala viatu. Cha mjini anachokubali ni chumvi ninayomtumia, basi.

"Anasema geti lenu la kijani halimupendezi."

"Ulimuona lini?"

"Juzi, dimanche."

Geti tumelipaka asubuhi hii. Kijani nilichagua leo leo, bluu ilipokosekana dukani.

Nikampa chumvi. Akairudisha. "Apana. Amesema ataifuata yeye mwenyewe."

Miaka mitatu namwomba Mungu amrudishe. Usiku huu nimelitia geti kufuli.