Vitambaa vya Akiba

Jumamosi, Utemini

Na mimi nilipiga vigelegele. Hilo ndilo linaloniuma.

Wale wa kikundi kinachohamasisha watu waunge mkono vita vya nchi jirani walijaza uwanja leo, wamevaa vilemba vya kijani nilivyowashonea mwenyewe. Wakauliza, "Vijana wetu waende?" Tukajibu, "Waende." Nilijibu kwa sauti kubwa kuliko wenzangu, na mwanangu Yohana ni askari, yuko kambini anasubiri kuitwa.

Jioni katibu wao akaja kibandani na jora la kitambaa cheusi.

"Shikamoo mama. Utukatie vya kufunga mkononi."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Bado. Ni vya akiba tu."

Alisema "bado" kama mtu anayezungumzia mvua.

Nilitaka kukataa. Lakini nimezoea kupokea kazi kwanza na kuuliza baadaye, na jora lilishakuwa mikononi mwangu. Nikamuuliza kipimo.

"Pima mkono wako tu, mama. Utafaa."

Alipoondoka nilikata kimoja, nikajifunga nione.

Kimenikaa sawasawa. Sijui kwa nini bado sijakifungua.