Jino la Wafula

Baba Dogo, Nairobi
Jumatano

Kwa Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama. Goti lako linaendeleaje? Na ile dawa ya presha unaimeza, au umeirudisha kabatini tena? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa, na sitakuficha.

Juzi uliponiambia kwenye simu kwamba Nekesa, mjane wa jirani yetu Wafula, amefukuzwa nyumbani kwake, nilikata simu nikasingizia netiweki. Netiweki ilikuwa sawa. Nilishindwa kusema. Ndiyo maana naandika, na binamu Simiyu atakuletea kesho, iwahi kikao cha wazee cha Jumamosi kuhusu Nekesa.

Wanasema Nekesa alimtilia mumewe kitu kwenye chakula, kwa sababu Wafula alikula kwake Jumapili, akarudi huku kazini, na wiki hiyohiyo mkapelekewa mwili uliovimba shingo. Baba, Nekesa hakumtilia chochote. Wafula aliuawa na jino, na mimi nilimwona angali anatembea.

Hapa zahanati mimi ndiye muuguzi wa mlangoni, ninayeamua nani amwone daktari kwanza. Daktari wa meno huja Alhamisi tu. Basi tuna mazoea yetu: mtu akitaja jino, tunamwandikia karatasi ya Alhamisi, hatumwambii hata afungue mdomo. Chuoni tulifundishwa mwili mzima, lakini meno yaliachiwa watu wa meno, waliosomea kwenye jengo lao, kwa walimu wao. Mdomo tuliuona kama nyumba ya jirani, huingii bila kuitwa.

Wafula alikuja Jumanne asubuhi, akitoka zamu ya kiwanda cha sabuni.

"Sista Nafula, hii jino itanimaliza," akasema, mkono shavuni. "Hata mate inakataa kushuka."

"Wafula, tangu lini jino likaua mwanamume?" nikamtania. "Rudi Alhamisi, na uache kutafuna miwa."

Akacheka upande mmoja, akachukua karatasi. Hakubisha, kwa sababu mimi ni mtu wa kwao.

Alhamisi hakuiona. Jumatano wenzake walimleta kwa mkokoteni, pumzi haipiti, akafia mikononi mwetu tukingoja ambulensi.

Baada ya hapo matroni alimwomba daktari wa meno atufundishe sisi wauguzi wote. Somo la kwanza lilikuwa wiki iliyopita. Mgonjwa wa jino akishindwa kumeza mate, mguse chini ya kidevu. Pakiwa pagumu, ugonjwa unashuka shingoni, apelekwe hospitali kubwa saa hiyohiyo. Ni kazi ya dakika moja, Baba. Wenzangu waliandika daftarini. Mimi nilitoka nikalia nyuma ya tangi la maji. Nina hasira na chuo kilichonifundisha nusu ya mtu, na mwenyewe najichukia zaidi.

Matroni ameninong'oneza kwamba nikiyasema haya hadharani naweza kuitwa nijieleze, hata nifutwe kazi. Najua. Najua pia kwamba wewe na baba yake Wafula mnaimba pamoja kwaya, na mashamba yetu yanapakana. Huenda asikanyage kwetu tena. Nisamehe kwa hilo. Lakini Nekesa analala jikoni kwa shangazi yake, na wakwe zake hawamwachii hata kaburi la mumewe alilie.

Nisalimie Mama, na kaka mwalimu, na shemeji aliyejifungua, mwambie nitamwona mtoto Mungu akipenda. Nyanya mshike mkono kwa niaba yangu, ila haya usimsomee, moyo wake hautayaweza.

Wazee, hao wasomee yote, Nekesa akiwa ameketi palepale. Najua unanipenda, Baba, na ukifika mahali penye jina langu utataka kuliruka. Usiliruke.

Mimi binti yako,
Nafula