Walinzi Wawili wa Mtoto Mmoja

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Karatu hatujambo. Bibi yako anapalilia maharage, na shangazi yako amerudi kutoka Mang'ola na vitunguu vya kulisha ukoo mzima.

Umeniuliza kama nami, nilipokuwa nasoma huko Norwei, watu walinitazama kwa mashaka. Walinitazama, nami niliwatazama vilevile.

Jumapili moja familia iliyonipokea ilinichukua kutembelea mji mdogo wa pwani. Ulikuwa kimya kabisa. Tulipofika kwenye mgahawa, mama wa ile familia aliegesha kigari nje, mtoto wake mchanga amelala ndani yake, kisha akaingia na mumewe kunywa kahawa. Ndiyo desturi yao; husema hewa baridi humpa mtoto usingizi mzuri. Mimi sikulijua hilo. Kwetu hata ndama halali nje, kwa sababu ya fisi. Nikabaki kulinda.

Akaja bibi mmoja mzee, akasimama upande wa pili wa kigari na kunikazia macho.

"Mtoto ni wako?"

"Kwani ni wako wewe?"

Nikashika mpini wa kigari. Naye akaushika.

Mama akatoka mbio. "Jamani, mnagombania nini?"

"Namlinda mtoto!" tukajibu kwa pamoja, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole.

Yule bibi alicheka, akaachia mpini. Mimi nilikawia kidogo.

Tangu siku hiyo, mtu akinikazia macho, najiuliza kwanza analinda nini.

Uvae vizuri, baridi ya huko naijua.

Babu yako